Tutaulizwa juu ya neema: Sahani ya Masasi na kuku wa Newala



Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza swali ambalo darasa zima lililicheka. Mimi pia nililicheka, kabla sijatambua kwamba sikuwa na jibu. Alikuwa ameona kwenye simu ya mjomba wake picha za Mtanzania mmoja aliyetembelea Ufaransa. Kila picha ilikuwa ya chakula. Meza ya mgahawa yenye kitambaa cheupe, mikate ya siagi yenye tabaka nyembamba kama karatasi, vikeki vidogo vilivyopambwa kwa matunda na karanga. Kijana akauliza: "Ustadhi, mtu huyu kasafiri, kala, kafurahi. Hakuiba, hakulewa, hakula nguruwe. Je, kufurahi kwake kuna hesabu yoyote mbele ya Mwenyezi Mungu?"

Nikamjibu haraka haraka, kama tunavyofanya walimu muda wa kipindi ukikaribia kwisha: "Kilicho halali ni halali. Kaa chini." Kengele ikagongwa, tukatawanyika. Lakini swali lile lilinifuata hadi nyumbani, kwa sababu lilinikumbusha safari yangu mwenyewe. Mimi sikwenda Ufaransa. Nilikwenda Masasi na Newala.

Halali kwanza

Nianze na upande ulio mwepesi. Vitafunwa vya Wafaransa si vya kuogopwa, na si vya kupokewa macho yakiwa yamefumbwa. Ule mkate wao maarufu wenye umbo la mwezi mwandamo, wanaouita croissant, asili yake ni unga, siagi, maziwa, hamira, sukari na chumvi. Hapo hapana neno. Lakini zipo keki zao zinazoloweshwa katika pombe ya ramu, na vipo vitamu vinavyogandishwa kwa jelatini ambayo huweza kuwa imetokana na nguruwe. Msafiri Muislamu anauliza kabla ya kula, tena haoni haya kuuliza.

Na kuchagua chakula kizuri safarini si jambo geni katika dini yetu. Tunasoma Suratul Kahf kila Ijumaa, lakini wangapi tumesimama kwenye aya ya 19? Vijana wale wa pangoni walipoamka walikuwa wakimbizi, roho zao ziko hatarini. Wakamtuma mmoja wao mjini na fedha yao, na wakamwagiza atazame ni chakula kipi kilicho safi zaidi, na awe mpole katika mwendo wake. Hawakusema alete chochote kinachojaza tumbo. Walichagua.

Aidha katika Suratul A'raf, aya ya 31 na ya 32, Mola wetu ametuamuru tule na tunywe bila israfu, kisha akawakemea wanaojifanya kuharimisha vizuri alivyowatolea waja wake. Na Mama wa Waumini Aisha (RA) ametueleza, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, kwamba Mtume (SAW) alikuwa akipenda vitu vitamu na asali. Kwa hiyo yule anayedhani kuwa ucha Mungu ni kukunja uso mbele ya sahani nzuri, huyo ameongeza katika dini kitu ambacho hakimo.

Basi kufurahia chakula si dhambi. Ningeweka kalamu chini hapa, kama ingekuwa safari yangu iliishia Masasi.

Posho na sahani

Ilikuwa Desemba 2018. Nilialikwa kwenye semina ya walimu wa somo la dini iliyofanyika Masasi kwa siku tatu. Anayeufahamu mji ule anajua ulivyokaa chini ya vilima vyake vya mawe makubwa, na ulivyo njia panda ya watu wanaotoka Lindi, Mtwara, Tunduru na Newala. Mji wa njia panda haukosi chakula. Nyumbani kwangu wakati ule tulikuwa tunahesabu. Mke wangu alikuwa ananunua dagaa kwa kipimo, na mtoto alikuwa anakunywa uji usio na maziwa. Pale Masasi nilikuwa na posho mfukoni na hakuna aliyekuwa ananihesabia.

Nikala. Asubuhi chai ya maziwa yenye tangawizi, chapati mbili, vitumbua na sambusa. Mchana wali wa nazi na kuku wa kukaanga. Usiku pilau, na soda baridi juu yake. Sikuiba na sikudhulumu mtu. Nilisema Bismillahi na nilisema Alhamdulillahi. Siku ya mwisho nilikula chakula cha mchana mapema, tena kingi kwa kuwa nilikuwa na safari, kisha nikapita kwenye bekari moja ya mjini nikanunua boksi la vitafunwa vya njiani: hafu keki, skonzi, na vipande vya keki iliyopambwa kwa korosho.

Safari yenyewe ilikuwa ya Newala. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo kikuu alikuwa ameniomba, kwa kuwa nitakuwa jirani, nimpelekee bibi yake doti ya khanga na salamu. Basi dogo lilipanda mlima kwenye barabara ya vumbi jekundu, nami nilikuwa natoa kipande kimoja kimoja kutoka kwenye boksi na kula huku nikitazama mikorosho dirishani. Tulipofika juu, boksi lilikuwa tupu.

Maji ya Newala

Kwa asiyepajua, Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Ukisimama pale wanapopaita Shimo la Mungu unaliona bonde la Mto Ruvuma chini kabisa, na ng'ambo yake Msumbiji. Hewa ni baridi na mandhari yanapendeza. Lakini ardhi ya juu kule ni ya kichanga na mvua inazama chini sana, kwa hiyo maji ni ya shida tangu zamani. Mtafiti wa Kijerumani, Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliliandika jambo hilo. Tangu miaka ya 1950 kumekuwa na mradi wa kusukuma maji kwa pampu kutoka mabondeni kupanda juu, lakini kwa watu wengi wa vijijini ndoo ya maji imebaki kuwa kitu cha kununua au cha kutembea mwendo mrefu kukifuata.

Mwaka ule kulikuwa na jambo jingine. Oktoba 2018 wakulima walizikataa bei zilizotolewa mnadani. Novemba, Rais wa wakati huo, Hayati John Magufuli, akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Malipo yalikwenda pamoja na uhakiki, na wakulima wengi waliendelea kuyasubiri hadi mwaka uliofuata. Kwa hiyo nilifika Newala wakati korosho ziko ghalani na fedha haziko mikononi. Mkoa mzima ulikuwa unasubiri.

Nilimkuta bibi yule nje kidogo ya mji, amekaa barazani na wajukuu watatu. Nikamwamkia. Akaitikia, akazipokea khanga, akazibusu, akamwombea dua mjukuu wake aliye mbali. Kisha nikamuaga.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Narudi stendi, bibi. Nisije nikakosa gari."

"Mjukuu wangu, unataka majirani waseme nini? Mgeni wa mwanangu ametoka Dar es Salaam, amefika kwangu, ameondoka mdomo mkavu! Kaa hapo."

Nikakaa. Mmoja wa wale watoto akapewa ndoo na sarafu, akaenda kutafuta maji. Mwingine akatumwa kukamata kuku. Nikamwona kuku mwenyewe. Alikuwa mmoja tu, na alikuwa na vifaranga wanaomfuata.

Hapa ndipo ninapoona haya kuendelea, lakini nitaendelea. Mimi ni mwalimu wa elimu ya dini ya Kiislamu. Hadithi ninayotaka kuisimulia hapa chini nilikuwa nimeshaifundisha darasani mara kadhaa. Naijua kwa mapokezi yake. Na pale barazani, kuku yule akikimbizwa mbele ya macho yangu, sikufungua mdomo. Nilijiambia kwamba kumzuia bibi ni kumvunjia heshima, kwamba mila ni mila. Kweli mila ni mila. Lakini kweli nyingine ni kwamba sikutaka kuonekana mgeni mwenye maneno.

Maji yakaja. Nikapewa kopo nikatawadhe, nami nikalimimina lote, kama ninavyofanya kwetu penye bomba. Chakula kikaja: ugali wa muhogo, kisamvu, na bakuli la kuku ambalo lote lilisogezwa upande wangu. Bibi akala kisamvu. Watoto wakakaa kando wakisubiri mgeni amalize.

Na mimi nilikuwa nimeshiba. Nilikuwa nimeshiba wali wa Masasi na keki za njiani. Nilikula matonge matatu au manne, nikashindwa. Bibi akanitazama, akasema kwa upole: "Labda mapishi yetu hujayazoea." Nikakataa, nikasema ni matamu sana. Ningemwambia nini? Kwamba nimeshiba kwa kuwa nilijinunulia raha mwenyewe njia nzima?

Wakati wa kuondoka mtoto mdogo akaliona lile boksi mkononi mwangu, akaliomba. Nikampa. Wakalifungua, wakakuta chengachenga za sukari na kipande kimoja cha korosho kilichonata pembeni. Wakagawana.

Hadithi niliyoifundisha nikaisahau

Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (RA) kwamba siku moja Mtume (SAW) alitoka nyumbani akawakuta Abubakar na Umar (RA). Akawauliza kilichowatoa saa ile. Wakasema ni njaa. Naye akawaambia kwamba kilichomtoa yeye ndicho kilichowatoa wao. Wakaenda wote kwa mtu mmoja katika Ansari. Mwenyewe hakuwepo, mkewe akawakaribisha, akasema mumewe amekwenda kuwatafutia maji matamu. Yule Ansari aliporudi na kuwaona, alimshukuru Mwenyezi Mungu kwamba siku ile hakuna mtu mwenye wageni watukufu kuliko wake. Akawaletea shada la tende, kisha akachukua kisu. Hapo Mtume (SAW) akamtahadharisha asichinje mnyama anayetoa maziwa. Akachinja mwingine, wakala, wakanywa, wakashiba. Ndipo Mtume (SAW) akawaambia masahaba wake wawili kwamba wataulizwa siku ya Kiyama juu ya neema ile: walitoka majumbani mwao kwa njaa, na hawakurudi ila wameipata.

Tuitazame hadithi hii vizuri, ndugu msomaji, maana ndani yake limo jibu la yule kijana.

Kwanza, walikula wakashiba, na Mtume (SAW) hakukataza. Tende, nyama na maji matamu ni chakula cha raha, na hakuna aliyelaumiwa kwa kukifurahia.

Pili, mgeni alitazama mkono wa mwenyeji. Kabla kisu hakijashuka, aliona kwamba nyumba ile kesho itahitaji maziwa. Hakukataa ukarimu, wala hakumvunjia Ansari heshima yake. Alisema neno moja tu la upole, na furaha ya mwenyeji ikabaki palepale. Mimi nilidhani palikuwa na njia mbili tu, kunyamaza au kumkosea bibi. Mtume (SAW) alikwishatuonyesha ya tatu karne kumi na nne zilizopita.

Tatu, swali la Kiyama limewekwa juu ya kilicho halali. Hakuna haja ya kuuliza kama nguruwe ana hesabu, hilo linajulikana. Suratut Takathur inaishia kwa habari kwamba tutaulizwa juu ya neema. Kwa hiyo jibu nililompa mwanafunzi wangu halikutosha. Uhalali unakuruhusu kula. Maswali yanakuja baada ya hapo.

Safari inatuficha

Sasa kwa nini jambo hili linahusu zaidi safari? Mtume (SAW) ametueleza, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kwamba safari ni kipande cha adhabu. Inamnyima mtu usingizi wake, chakula chake na kinywaji chake, kwa hiyo akishamaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Lakini wengi wetu leo, hasa sisi wa mijini tunaosafiri kwa posho, mambo yamegeuka. Safari ndiyo inayotupa chakula tusichokipata nyumbani. Anayenyimwa ni aliyebaki nyumbani.

Na safari ina siri yake. Inakuficha. Mtaani kwako ukinunua kuku wawili, jirani anaona na mtoto wa jirani anasikia harufu. Moyo wako unakuambia peleka bakuli. Hotelini ugenini hakuna jirani. Mhudumu hajui kwamba mtoto wako anakunywa uji mtupu. Sahani inakuja ikiwa safi, imekatwa uhusiano wake na kila mtu aliyeitolea jasho. Ndiyo maana watu wema kabisa, wasioweza kula peke yao mtaani kwao, hula bila kuwaza wakiwa safarini.

Ile korosho juu ya keki yangu ni mfano. Sehemu kubwa ya korosho yetu husafirishwa ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, ikabanguliwa huko, kisha ikauzwa kwa mataifa mengine. Haishangazi ikiwa korosho iliyopamba kikeki kwenye mgahawa wa Paris ilianguka kutoka kwenye mkorosho wa Newala. Aliyeiokota ni mama aliyeinama juani, na pengine hajawahi kukionja kikeki hicho. Hilo halikifanyi kikeki kuwa haramu. Lakini linatuambia kwamba mezani hatuko peke yetu, hata tukijiona peke yetu.

Inasemekana hata neno la Wafaransa la mgahawa, restaurant, asili yake ni supu ya kumrudishia nguvu mtu aliyedhoofika, iliyokuwa ikiuzwa Paris katika karne ya 18. Msingi wake ulikuwa haja ya mtu dhaifu. Nasi katika sheria yetu msafiri aliyeishiwa, ibn sabil, ni mmoja wa wanane wanaostahiki zaka. Yaani Uislamu unamtazama msafiri kama mtu mwenye haki ya kuhurumiwa. Mtu huyu akipata posho, isiwe ndiyo sababu ya kusahau huruma kwa wengine.

Wapo watakaopinga

Atasema mmoja: "Ustadhi, unataka tusile hotelini? Mama lishe naye atakula nini?" Hapana. Ukila kwa mama lishe wa Masasi na ukamlipa bei yake bila kumpunja, umemlisha yeye na watoto wake, na umemlisha mkulima wa muhogo na mfugaji wa kuku. Aliyejinyima kwa ubahili asijiite mcha Mungu.

Mwingine atasema: "Mimi zaka natoa, kwa hiyo kinachobaki ni changu." Ni kweli ni chako. Lakini Sayyidna Umar (RA) katika mwaka wa njaa, wa 18 Hijria, alijizuia samli hadi watu wote waipate, na samli haikuwa haramu kwake. Alijua kuna wakati ambapo mtu anayejali hawezi kuifurahia ladha peke yake.

Na wa tatu atasema kwamba huzuni yangu haimsaidii mtu wa Newala. Huyu amesema kweli zaidi ya wote. Kujilaumu hakujazi chungu. Baadaye nilimtumia bibi yule fedha kupitia kwa mjukuu wake, akapokea na akashukuru. Lakini vifaranga wale walikuwa wameshapoteza mama, na fedha haiwezi kuwakusanya chini ya bawa.

Kwa hiyo ninayojiwekea mimi mwenyewe, na ninayoyapendekeza kwa mwenzangu msafiri, ni mambo matatu tu. Kwanza, kabla ya kula ugenini nikumbuke aliyebaki nyumbani anakula nini. Na ikiwezekana raha ile irudi naye sehemu yake, hata kama ni kifurushi kidogo. Pili, ninapokwenda kwa watu nisifike nimeshiba na mikono mitupu. Tumbo la mgeni lina haki ya mwenyeji ndani yake, na Mtume (SAW) ametufundisha tuliachie nafasi kwa kuligawa theluthi tatu: chakula, kinywaji na pumzi. Tatu, nitazame kinachochinjwa kwa ajili yangu, na nikiona ni kuku wa vifaranga, nifungue mdomo.

Juma lililofuata nilimwita yule kijana mbele ya darasa. Nikamwambia kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa na upungufu. Nikawasimulia habari ya bibi, na boksi, na kuku. Safari hii hawakucheka. Kijana akafikiri, kisha akauliza: "Kwa hiyo Ustadhi, yule wa Ufaransa amekosea?"

Nikamwambia sijui. Mimi nimeona picha za sahani tu. Sikuona aliyekaa naye mezani, wala alichowapelekea wa kwao. Hilo anaulizwa yeye. Mimi nitaulizwa la Newala.

Wabillahi tawfiq.